GARI LA BURE, DEREVA KAGOMA!

Huku Kyela mvua inanyesha inavyotaka, mpunga umesimama, na mbu nao hawajambo. Mmezoea kusoma humu vituko vya watu wengine. Leo kituko ni changu mwenyewe, na nitakisema chote, hata pale nilipoumbuka.

Shangazi yangu ana duka la steshenari hapa mjini, jirani na stendi. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anawajazia vijana fomu. Duka hilo ndilo lililonisomesha hadi kidato cha nne baada ya baba kufariki, kwa hiyo nikisema shangazi mjue nasema mama. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 10. Sasa tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikafunga huduma ya kawaida ya mfumo huo, na huu mwingine, Windows 11, unataka mashine yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya kizamani. Mashine ya shangazi ni mtumba wa zamani. Ikakataliwa mlangoni.

Hapo ndipo kijana wenu nikajitia ujuzi. Nikamwambia, "Shangazi, usihangaike kununua mashine. Kuna mfumo unaitwa Linux. Ni wa bure, hauna mambo ya leseni, na kompyuta kuukuu inakimbia kama mpya."

Shangazi akaniangalia. "Mwanangu, hicho cha bure kina nini ndani yake?"

Nikacheka. "Hakina kitu shangazi. Ni bure tu."

Kumbe!

Jumapili jioni nikahamisha mafaili yake, nikachomeka flashi yenye Linux, nikaifuta Windows yote. Kweli bwana, mashine ikaamka kama kijana. Kioo safi, kibodi safi, mausi safi. Nikalala usingizi wa mshindi.

Jumatatu saa mbili asubuhi akaingia mwalimu wa shule moja ya upande wa Ipinda. Ana mitihani ya kumaliza muhula, masomo yote, anataka nakala kwa watoto zaidi ya mia. Jamani, kazi ya namna hiyo ni pato la wiki nzima! Nikaweka karatasi, nikabonyeza pa kuchapa. Printa kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Ilikuwa printa ya leza, mpya, ya kampuni moja kubwa ambayo jina nalihifadhi. Shangazi aliinunua kwa mkopo wa VICOBA na deni lilikuwa halijaisha. Taa yake ya kijani inawaka vizuri tu, kama inanikonyeza. Nikasema niingie intaneti nitafute dawa. Waifai nayo haionekani!

Ilipofika saa tano mwalimu akasema kwa upole, "Basi mama, ngoja nijaribu pale ng'ambo." Tukamwona anavuka barabara, anaingia duka la pili. Shangazi hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alifungua daftari la VICOBA, akalitazama, akalifunga.

Sasa mtauliza, kisa nini? Ni kwamba printa, kamera au waifai haviongei na mfumo wa kompyuta hivi hivi. Katikati inakaa programu ndogo iitwayo draiva. Jina ni la dereva, lakini mimi naona kazi yake ni ya mkalimani. Chukulia mpaka wetu wa Kasumulu. Mtu wa Karonga akivuka Mto Songwe na Kingonde chake, Mnyakyusa anamwelewa bila shida, maana lugha ni ile ile. Akija mtu wa Lilongwe na Kichewa kitupu, hapo lazima apatikane mkalimani, la sivyo mtakodoleana macho mpaka jua lizame.

Printa nazo ziko hivyo. Zipo zinazoongea lugha ambayo maelezo yake yako wazi, kama PostScript au PCL, na hizo Linux inazielewa. Halafu zipo nyingine, hasa baadhi ya hizi za leza za bei poa, zenye lugha ya siri ya kiwanda. Kiwanda kinamwandikia Windows mkalimani, maana ndiko wateja wengi waliko. Linux inaachiwa mkalimani mzee asiyeendana na mifumo ya leo, au haiachiwi kabisa. Watu wa kujitolea wanaweza kumwandika wenyewe, lakini lugha hawajafundishwa. Inabidi wakitegee sikio kifaa kinavyoongea na Windows, wakikamata neno moja moja. Kazi hiyo inaweza kula miaka.

Na msidhani ugomvi huu ni wa juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT. Walikuwa na printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi kila mara. Alitaka airekebishe programu yake ili iwatangazie watu kwamba imekwama, lakini aliyekuwa na maandishi ya programu hiyo akamnyima, eti ameahidi kutunza siri. Stallman hakusahau. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, akatoa Linux, na viwili hivyo vikaungana. Kwa hiyo moja ya chanzo cha uhuru huu wote ni printa korofi!

Torvalds mwenyewe yalimfika shingoni. Mwaka 2012, akiwa mbele ya watu kwenye Chuo Kikuu cha Aalto huko kwao, aliinyooshea kampuni ya Nvidia kidole cha kati kwa kutotoa ushirikiano. Kampuni hiyo ilikuja kuweka wazi sehemu ya draiva zake za Linux mwaka 2022. Miaka kumi, wasomaji! Wateja wa shangazi hawasubiri hata dakika kumi.

Lakini palipo wazi, hata sisi tunaingia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichukua programu ya ofisi ya OpenOffice wakaitoa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu mlango haukuwa na kufuli.

Turudi dukani. Jioni ile nilichomeka simu yangu kwenye kompyuta kwa waya wa chaji, nikaigawia intaneti kwa bando langu mwenyewe. Nikagundua waifai ilikosa faili dogo tu la kiwandani. Nikalishusha, ikakubali. Printa? Nilikesha nayo siku mbili. Nikachemsha.

Siku ya tatu nikakumbuka chini ya meza kuna printa kuukuu aliyoiacha marehemu mume wa shangazi, nzito kama gunia la mpunga. Nikaipangusa vumbi, nikaichomeka. Sikuweka draiva yoyote, kompyuta ikaitambua kwa jina. Karatasi ikatoka, nyeusi safi. Shangazi akaja, akaishika ile karatasi ikiwa bado ya moto.

"Kumbe mzee bado anaongea," akasema, akageukia kabati akafuta macho.

Ile mpya tuliiuza kwa hasara kwa mwenye duka la Windows. Pengo la VICOBA nalilipa mimi, kidogo kidogo, kwa posho ya safu hii. Kwa hiyo ukinunua gazeti hili unamsaidia shangazi, usidhani natania.

Wewe unayetaka kuhamia Linux, hamia, mimi sijajuta. Ila usifute kitu kabla ya kujaribu. Aina nyingi za Linux zinawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, chapa karatasi moja, fungua waifai, sikiliza sauti, washa kamera. Kikikataa kimoja, zima, rudi kwenye mfumo wako, hujapoteza kitu. Na ukienda dukani kununua printa, usiulize bei peke yake, uliza inaongea lugha gani. Muuzaji akibabaika, ondoka taratibu.

Shangazi aliniuliza cha bure kina nini ndani yake. Jibu ninalo sasa. Ndani yake kuna kuuliza kwanza, na mimi sikuuliza.

Yule mwalimu wa Ipinda bado hajarudi. Kama unasoma hapa, mwalimu, karibu. Printa inachapa.