Atakaye Hesabu Si Adui wa Umeme

Katika karamu ya harusi niliyoalikwa hivi karibuni hapa Mombasa, alisimama mzee mmoja mwenye taadhima zake, aliyepata kushika nyadhifa Serikalini, naye badala ya kuwaombea dua maarusi akatuhutubia juu ya umeme. Akadai kwamba hao wanaojiita wanaharakati wa mazingira ni maadui wa maendeleo, kwamba wao ndio waliouzuia mtambo wa Lamu, na kwamba kila mtoto wa pwani anayedurusu kwa kibatari hana wa kumlaumu isipokuwa wao. Halaiki ikampigia makofi. Nilinyamaza kwa kuistahi shughuli ya wenyewe, lakini ghadhabu haijanitoka, maana kauli hii nimekwisha kuisikia redioni, matangani na vinywani mwa wabunge, na kila ikaririwapo huzidi kuaminiwa pasi na mtu kuipima.

Na ipimwe, basi, kwa Lamu yenyewe. Mtambo uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, ulikuwa wa megawati 1,050, wa kuchoma makaa ya mawe ambayo hapo mwanzo yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliupa leseni mwaka 2016. Wana wa Lamu, chini ya jumuiya yao ya Save Lamu, wakakata rufani. Na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaibatilisha leseni ile. Kwa hoja gani? Hapa ndipo ninapomtaka kila aliyepiga makofi anisikilize. Jopo halikusema kwamba umeme ni haramu, wala kwamba Lamu ibaki gizani. Lilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwa kuwa mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla ya uchunguzi wa athari, na uchunguzi ulipokwisha hawakurudiwa wenyeji wakaelezwa ni nini kilichoonekana juu ya hewa yao, maji yao na samaki wao. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi nayo ikaitupa rufani ya kampuni yenye mradi. Mradi uliuawa na wenye mradi, kwa kukataa kutoa hesabu.

Neno langu ni hilo moja, nami sitachoka kulirudia: mali ya umma ni amana, na mwenye kushika amana hudaiwa hesabu. Msimamizi wa wakfu akiulizwa na wanaostahiki kwamba mapato ya minazi yamekwenda wapi, hana ruhusa ya kuwajibu kwamba wao ni maadui wa msikiti. Lakini msimamizi wa umeme wetu hujibu hivyo hivyo kila siku, na watu wazima wenye akili zao humwitikia.

Hesabu yenyewe ilikuwa nzito. Katika mwaka ule wa hukumu ya Jopo, matumizi ya umeme ya Kenya nzima, saa yalipopanda juu kabisa, hayakufika megawati 2,000, ilhali mtambo huu mmoja ungeongeza zaidi ya nusu ya kiasi hicho, kwa mkataba wa miaka 25 ambao ungelipisha uwezo wa mtambo hata kama umeme wake haukutumika. Nani angelipa? Angelipa mama wa mtaa wa Majengo anayenunua tokeni za shilingi mia, ambaye hata leo hukatwa kodi na tozo zisizohesabika kabla ya kupata uniti za kupikia chai, na ambaye umeme ukikatika usiku kucha hapati wa kumpigia simu akapokea.

Husemwa kwamba wanaharakati hawa wametumwa na wageni. Makaa yangetoka Afrika Kusini, fedha zilitarajiwa kutoka benki ya China hadi benki hiyo ilipojitoa mwaka 2020. Mgeni akawa mvuvi wa Lamu, ambaye babu yake na babu wa babu yake wamezikwa pale pale! Husemwa tena kwamba wanaharakati wenyewe wanatumia simu na taa, kwa hivyo hawana haki ya kunena. Hoja hii haimstahiki hata mtoto wa chuoni. Mtu anayekula mkate hakatazwi kuuliza kwa nini unga una mchanga. Bali anayeula ndiye wa kwanza kuuliza.

Wala asinidhanie mtu kwamba ninatetea upepo na jua kwa ushabiki. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, ilikaa imekwisha kujengwa ikingoja nyaya za Serikali, na umma ukalipishwa mabilioni kwa umeme usiofika popote. Na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia ya sheria. Nishati iwe safi iwe chafu, dhima ni ile ile.

Na wanaodhani kwamba kunyamaza ni uungwana waende Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na sumu ya risasi damuni, alipowaongoza majirani kuuliza, alikamatwa mwaka 2012 akashtakiwa. Huyo ndiye adui wa maendeleo! Mwaka 2020 mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA yenyewe ikiwa miongoni mwa waliobebeshwa dhima. Kesi ikapandishwa na kushushwa hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu ile Desemba 2024. Laiti angesikilizwa siku ya kwanza, watoto wangapi wangalisalimika!

Sasa habari ni ya mtambo wa umeme wa nyuklia. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mwaka 2024 wakapigwa na polisi, na baadaye macho ya Serikali yakaelekea Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Wenyeji wa huko wasikubali kuitwa maadui wa mtu yeyote. Waulize taka za mtambo zitazikwa wapi na zitalindwa na nani. Waudai mkataba wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, kabla ya sahihi ya kwanza kutiwa, maana ripoti za mamia ya kurasa kwa Kiingereza, zilizofungiwa katika ofisi ya kaunti, hazijamfahamisha mvuvi hata mmoja. Na waulize, likitokea la kutokea, ni kiongozi gani atakayesimama mahakamani kwa jina lake.