Tusiharakishe Kundi



Afugaye mbuzi hujifunza kungoja. Mimba yake huchukua siku 150 hivi, na hakuna awezaye kuzipunguza. Siku zikitimia, kiwele hujaa, naye hujitenga na wenzake, hukwaruza ardhi, hulala na kuinuka. Sisi tuliokabidhiwa mbuzi wa kikundi chetu tulikesha naye kwa taa moja, tukiwa tumekwisha kugawana watoto wasiozaliwa bado.

Walizaliwa wawili. Wa kwanza alisimama akitetemeka, akatafuta chuchu, akanyonya; tukapiga vigelegele. Wa pili alikuja kichwa kimegeukia nyuma, na alipotoka hakuwa na pumzi. Mama yake aliendelea kumlamba kwa muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyesema neno.

Kesho yake maneno yakawa mengi. Ilisemwa kwamba mbuzi amerogwa, na jina la mama mmoja mjane, aliyepita karibu na zizi, likaanza kutajwa. Hapa tunataka kusema wazi: msiba wa zizini usigeuzwe kuwa hukumu juu ya mtu asiye na mtetezi. Mtoto wa mbuzi aweza kuja vibaya pasipo mkono wa mtu. Tena, mara nyingine kosa ni letu. Mbuzi yule tulimwacha apandwe angali mdogo, kwa sababu tulitamani faida ya haraka. Kumsingizia jirani kulituepusha na kujiuliza wenyewe.

Katika kitabu cha Mwanzo, Esau alitaka kusafiri pamoja na Yakobo. Yakobo alimwomba atangulie, kwa kuwa watoto walikuwa wachanga na wanyama walikuwa wakinyonyesha. Kuwakimbiza siku moja tu kungeliua kundi. Mfugaji yule alijua kwamba mwendo wa kundi hupimwa kwa aliye dhaifu.

Basi, tujifunze kazi hii kwa unyenyekevu. Jike akomae kwanza, wala asipandwe na ndugu yake. Mtoto akizaliwa, kitovu kipakwe iodini, naye anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa chache, kwani ndiyo yanayompa kinga. Mama akisukuma kwa nusu saa bila mtoto kuonekana, aitwe mganga wa mifugo. Hata tukiyatimiza hayo yote, wengine watakufa. Tuwalilie bila aibu, na tusimtafute wa kumlaumu.

Yule aliyesalia ni jike. Tulikwenda kwa yule mama, tukamwomba msamaha, tukaamua pamoja kwamba mzao wake wa kwanza utakuwa wake. Hatumpi kwa kumhurumia. Ni toba yetu. Nasi safari hii tutangoja mpaka akomae.