Gharama za talaka haziishii dirishani kwa karani

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anapofikiria kwenda mahakamani kuomba talaka, swali lake la kwanza huwa ni moja: kufungua kesi ni shilingi ngapi? Ni swali la haki kabisa, lakini si swali linalookoa fedha. Ada ya kufungua shauri la ndoa katika Mahakama ya Mwanzo ni ndogo, na haifanani hata kidogo na fedha zinazotoka mfukoni baadaye. Fedha hizo huliwa na nauli, siku za kazi zilizopotea, mashahidi, na zaidi ya yote huliwa pale shauri linapolazimika kuanza upya kwa sababu karatasi moja ilikosekana mwanzoni.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama anayeuza nyanya na vitunguu gengeni anapata faida ya Sh. 20,000 kwa siku. Mahakama iko mjini, nauli ya kwenda na kurudi ni Sh. 6,000 na chakula ni Sh. 3,000. Kila siku anayokwenda mahakamani imemgharimu Sh. 29,000, hata kama hakimu ana udhuru na shauri limeahirishwa kabla ya saa tatu asubuhi. Akienda mara kumi, ambalo si jambo la ajabu, ni Sh. 290,000. Akileta mashahidi wawili, kila mmoja mara mbili, nauli na chakula chao ni Sh. 36,000 nyingine. Jumla Sh. 326,000, na hapo hajamlipa wakili wala hajatoa nakala hata moja. Kwa mwenye genge, huo ndio mtaji wenyewe.

Kwa mkulima hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu siku zake hazilingani thamani. Siku moja ya palizi wakati mvua imeshika si sawa na siku moja ya kiangazi. Anayeweza kusubiri aangalie kalenda ya shamba lake kabla ya kufungua shauri. Anayepigwa au kutishiwa maisha hana kalenda ya kusubiri.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema katika kifungu cha 101 kwamba hakuna mtu atakayeomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho huo ni hati maalumu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fomu Namba 3. Hati hiyo huambatishwa na madai, na kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Ukiiweka kabatini ukisubiri kuuza korosho, ikapita miezi sita, imekwisha nguvu. Utarudi Barazani.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kikao cha ukoo, hata kikiwa na muhtasari uliosainiwa na wazee kumi, si Baraza. Kikao cha mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa si Baraza. Mabaraza yanayotambuliwa ni yale ya kata, pamoja na yale ya jumuiya, kama za dini, yaliyoteuliwa kwa mujibu wa sheria. Vilevile barua fupi yenye maneno "tumeshindwa, waendelee mahakamani" inaweza kukataliwa. Hati inatakiwa ioneshe kwamba Baraza lilikaa, likawasikiliza wahusika, na likaona nini.

Kosa hili halitibiki kwa kufika mbali. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara ilifuta mwenendo na hukumu za shauri la talaka lililoanzia Mahakama ya Mwanzo na kupanda ngazi zote, kwa sababu lilifunguliwa bila hati halali ya Baraza. Fikiria nauli za wanandoa wale tangu ngazi ya kwanza hadi ya juu kabisa, halafu jibu ni kwamba hakukuwa na shauri tangu mwanzo. Tena mara nyingi katika mashauri ya ndoa mahakama huamuru kila upande ubebe gharama zake, kwa hiyo hakuna wa kukurudishia.

Sheria yenyewe haiko huru na lawama. Kifungu cha 103 kinaelekeza kwamba Baraza linalohusika ni la kata anakoishi mume, isipokuwa kama wote wawili ni wa jumuiya moja yenye Baraza lake. Mke aliyefukuzwa na kurudi kwa wazazi wake mkoa mwingine ndiye anayepanda basi kwenda kusuluhishwa katika kata ya mume. Mwenye shida ndiye anayelipa nauli! Bunge lingeweza kuliangalia hilo bila kuharibu lengo la usuluhishi.

Hata hivyo, kuna nafuu ambazo wengi hawazijui. Barazani mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa yeyote kwa hatua hiyo. Aidha, sheria inataja hali ambazo hati haihitajiki: mwenza amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, ameitwa na Baraza akakataa kwa makusudi, amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, ana maradhi ya akili yasiyopona, au kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Anayetegemea moja ya hali hizi aiandike tangu kwenye madai yake na awe na ushahidi, kwa mfano samansi za Baraza ambazo mwenza alizipokea na kuzipuuza.

Kuhusu mahakama ipi, kifungu cha 76 kinaruhusu shauri la ndoa kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa mwananchi wa kawaida Mahakama ya Mwanzo ndiyo nafuu: iko karibu, inaendeshwa kwa Kiswahili, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe mbele ya hakimu. Kuruka kwenda juu kwa kudhani huko kuna haki zaidi ni kununua ada kubwa, safari ndefu na wakili bila sababu. Malipo yoyote yawe na kumbukumbu namba ya malipo na stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi si ada ya mahakama, na anayeiomba anajua hivyo. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba asamehewe ada, lakini aombe kabla ya kufungua shauri.

Waislamu wengi huamini talaka ikishatoka mdomoni au kwa barua mambo yamekwisha. Kidini huenda yamekwisha, lakini mbele ya sheria ya nchi ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, na bila amri hiyo mali haigawanywi. Anayeuza nusu ya shamba kwa kutegemea karatasi ya talaka peke yake anamtafutia mnunuzi kesi.

Mali ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya hapo mahakama inatakiwa ielekee kwenye usawa. Hata shamba ulilorithi kabla ya ndoa linaweza kuingia katika hesabu kama liliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au kwa nguvu za wote: mlipanda kahawa, mkachimba kisima, mkaweka matuta.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango. Wanaolitaja shauri hilo husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, kwani mahakama iliona kwamba alipewa fedha za kuanzisha biashara ya familia na hakuianzisha. Ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Anayesema "nililima naye miaka kumi na tano" bila shahidi wala karatasi ataitwa tena na tena alete uthibitisho, na kila kuitwa ni nauli.

Ndiyo maana daftari la mauzo, stakabadhi za mbolea na mabati, vitabu vya chama cha msingi na kumbukumbu za mkopo wa VICOBA au SACCOS vina thamani kubwa kuliko wakili wa dakika ya mwisho. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la mke na kujenga nyumba ya wote ni deni la kuzungumzwa kwenye mgawanyo, ila lazima ionekane fedha zilikwenda wapi. Shamba la kijijini lenye hatimiliki ya kimila kwa majina yote mawili hupunguza ubishi mkubwa na mashahidi wengi.

Baada ya hukumu bado kuna gharama. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa, na upande wa pili usipotii itabidi kuomba utekelezaji wa hukumu, ambapo dalali wa mahakama naye analipwa. Nyumba ikipigwa mnada kwa haraka mara nyingi huuzwa chini ya thamani yake, na wote wawili wanapata pungufu. Wakielewana mmoja amlipe mwenzake sehemu yake kwa awamu, makubaliano hayo yaandikwe na yasajiliwe mahakamani yawe sehemu ya amri.

Kwa wasioweza gharama za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria wasiotoza malipo kwa wasio na uwezo, na katika wilaya nyingi wapo wasaidizi wa kisheria wanaoweza kuandaa madai na kukagua hati ya Baraza. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kuelekeza walipo. Mwende mapema, ile hati ya Baraza ikiwa bado ina miezi yake.