Nasaba ya Kilwa na Mama Aliyeachwa Nje

Imekuwa ada yetu wanafunzi wa fasihi kuwaachia wanahistoria nasaba za watawala. Mimi siafiki. Nasaba ni utungo, na kila utungo una msimulizi mwenye haja yake.

Tuitazame ya Kilwa. Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza, hakuwa wa kubuniwa: sarafu zenye jina lake zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, pamoja na dinari za karne ya 11. (Tena sarafu hizo zina vina: jina lake upande mmoja, sifa ya Mungu upande wa pili!) Ila sarafu hazisemi lolote kuhusu Shirazi. Hilo latoka katika masimulizi, nayo hayakubaliani. João de Barros, aliyechapisha tarihi yake mwaka 1552, asema mamake Ali alikuwa mtumwa Mhabeshi. Nduguze wakamdharau, akahama. Tarihi ya Kiarabu yasimulia safari ya baba na wanawe katika merikebu saba. Mama huyo hayumo.

Huku kwetu Shinyalu, posa haiendelei kabla ya kuulizwa ukoo wa baba na wa mama, kwani kuoa katika ukoo wowote kati ya hizo ni mwiko. Nasaba hiyo inalinda ndoa, hivyo mama hasahauliki. Ya Kilwa ililinda kiti cha enzi, na pengine mama Mhabeshi hakukifaa.

Laiti tarihi hizo mbili zingewekwa bega kwa bega katika kozi zetu za fasihi simulizi, tungekuwa na maswali ya muhula mzima.