Bwana Namboodiripad na Kura za Kerala

Wako watu wasemao kwamba Mkomunisti akipewa serikali kwa kura, kamwe hataitoa tena kwa kura. Maneno hayo yamekaririwa mara nyingi hata yamekuwa kama sala. Sisi twawaomba wenye kuyasema watazame Kerala, jimbo jembamba lililo kusini magharibi mwa India, katika pwani ile ya Malabari ambayo mabaharia wa majahazi yetu waliijua zamani kwa pilipili na mbao za msaji. Huko, mwaka 1957, Wakomunisti walipewa serikali kwa kura. Aliyewanyang'anya hakuwa mpiga kura.

Kiongozi wao alikuwa Bwana E. M. S. Namboodiripad. Alizaliwa tarehe 13 Juni, 1909, katika kijiji cha Elamkulam, katika ukoo wa Wabrahamini wa Kinamboodiri, watu waliokuwa juu kabisa katika ngazi ya matabaka na wenye ardhi kubwa. Kwa desturi, mtoto wa nyumba kama hiyo alifundishwa maandiko ya kale ya Kisanskriti, na ijara ya mashamba ililetwa mlangoni pasipo yeye kushika jembe. Kijana huyu alianza kwa kuzipiga vita mila za watu wake mwenyewe. Kisha akaacha chuo, akaingia katika harakati za Bwana Gandhi za kuzivunja sheria za Waingereza, akatiwa gerezani. Mwaka 1934 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Wasoshalisti ndani ya Congress, na kutoka hapo akahamia katika Ukomunisti. Urithi wake aliuuza, na fedha akazitia katika chama. Alikuwa na kigugumizi. Yasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza kama hugugumia siku zote, naye akajibu: la, hugugumia ninaposema tu.

Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba, 1956, kwa kuwaunganisha watu wasemao lugha ya Kimalayalam. Katika uchaguzi wa kwanza chama chake kilipata viti 60 kati ya 126, na kwa msaada wa wajumbe watano wasio na chama kikaunda serikali, iliyoapishwa tarehe 5 Aprili, 1957. Husemwa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa serikali ya kwanza ya Kikomunisti duniani kuchaguliwa kwa kura. Si kweli kabisa, maana huko San Marino, mwaka 1945, Wakomunisti na Wasoshalisti walitangulia. Lakini San Marino ni vijiji vichache juu ya mlima, na Kerala ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13.

Je, serikali hiyo ilifanya nini? Haikutaifisha kila kitu, wala haikumfunga kila kabaila. Bwana Namboodiripad alitangaza kwamba atatekeleza yale ambayo Congress wenyewe waliahidi na hawakuyatimiza. Kabla ya siku kumi kupita, ilitoka amri ya kuzuia wakulima wasifukuzwe katika mashamba waliyoyakodi. Kisha Bibi K. R. Gowri, Waziri wa Mapato ya Ardhi, akaleta mswada wa kumpa mkulima haki katika shamba alimalo na kuweka mpaka wa ardhi ambayo jamaa moja yaweza kuwa nayo. Mashamba makubwa ya chai na mpira hayakuguswa. Bwana Joseph Mundassery naye akaleta mswada wa elimu. Shule nyingi za Kerala zilikuwa mikononi mwa watu binafsi na jumuiya za dini, na mwalimu alikuwa chini ya rehema ya mwenye shule kwa mshahara na kwa kazi. Mswada ulisema mshahara utoke Serikalini moja kwa moja, na uajiri uwe na utaratibu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kanisa Katoliki na chama cha jamii ya Wanair kilichoongozwa na Bwana Mannathu Padmanabhan, waliokuwa na shule nyingi, walisimama pamoja. Rais aliupeleka mswada wa elimu mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya India, nayo mwaka 1958 ikasema baadhi ya vifungu vyake vyaingilia haki za jamii ndogo. Vikarekebishwa. Hivyo ndivyo sheria inavyotakiwa kwenda, na serikali ya Kikomunisti ilikubali. Lakini wapinzani hawakutosheka. Tarehe 10 Juni, 1959, mswada wa ardhi ulipitishwa barazani, na siku mbili baadaye maandamano makubwa yakaanza, yakiitwa vita vya ukombozi. Congress ya jimbo, chama cha Wasoshalisti wa Praja na Muslim League walikuwamo. Shule zilifungwa, ofisi zikazingirwa, magereza yakajaa.

Hatusemi kwamba serikali ile haikuwa na hatia. Mwaka 1957 ilitangaza kwamba polisi hawatatumiwa kuwavunja wafanyakazi wanaodai haki zao. Mwaka uliofuata, polisi wake waliwaua wafanyakazi wawili wa viwanda vya korosho huko Chandanathope, karibu na Kollam. (Msomaji asiione Kollam kuwa mbali: korosho ghafi za Afrika Mashariki zilikuwa zikipelekwa India kubanguliwa katika viwanda vya pwani ile.) Tarehe 13 Juni, 1959, huko Angamaly, risasi za polisi ziliua watu saba. Damu hiyo ilikuwa juu ya serikali, na haifai kutafuta maneno ya kuipunguza.

Lakini dawa ya serikali mbaya iliyochaguliwa ni uchaguzi, au kuangushwa barazani. Serikali ya Kerala haikuangushwa barazani. Wingi wake ulikuwa haujavunjika. Tarehe 31 Julai, 1959, Rais wa India, kwa shauri la serikali ya Bwana Nehru na kwa kutumia Ibara ya 356 ya Katiba, aliiondoa kwa kalamu. Ilikuwa imetawala miezi 28. Bwana Nehru twamheshimu. Hakuna awezaye kuandika habari za uhuru wa mataifa bila yeye. Lakini siku ile alifanya kosa, na binti yake, Bibi Indira Gandhi, aliyekuwa Rais wa Congress, ndiye aliyekuwa mmoja wa waliolisukuma. Tena iko aibu nyingine. Bwana Daniel Patrick Moynihan, aliyekuwa balozi wa Marekani huko India, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba nchi yake iliwapa Congress fedha za siasa mara mbili, na moja ya hizo mbili ilikuwa huko Kerala.

Uchaguzi ulipofanywa mwaka 1960, vyama vilivyoungana dhidi ya Wakomunisti vilishinda, na viti vya Wakomunisti vikashuka hadi 29. Walakini kura zao ziliongezeka, kutoka asilimia 35 hadi asilimia 39. Bwana Namboodiripad hakwenda msituni. Aliketi upande wa upinzani. Chama chake kilipasuka mwaka 1964, naye akafuata tawi la Wamarx. Mwaka 1967 alirudi kuwa Waziri Mkuu wa Jimbo akiongoza muungano wa vyama saba, na Oktoba 1969, aliposhindwa kwa kura barazani, alijiuzulu. Wenzake wa Bengali Magharibi, walioingia mwaka 1977, walitawala miaka 34, na waliposhindwa mwaka 2011 wakatoka. Wako wapi basi wale wakariri wa sala?

Na ardhi? Sheria yenye nguvu ilianza kutumika tarehe 1 Januari, 1970, ikafuta ukabaila wa mashamba ya kukodi. Aliyeitekeleza alikuwa Bwana C. Achutha Menon, aliyekuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya 1957, na sasa mpinzani wa Bwana Namboodiripad kutoka tawi la pili la chama. Wanamboodiri wengi walipoteza mashamba yao kwa sheria ambayo mwana wao aliianzisha.

Alipokuwa Waziri Mkuu wa Jimbo mara ya pili, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mahakimu huongozwa na chuki za tabaka lao. Alishtakiwa kwa kuidharau mahakama, akatozwa rupia 1,000, na mwaka 1970 Mahakama Kuu Kabisa ikaithibitisha hatia yake, ila ikapunguza faini hadi rupia 50. Mahakama hiyohiyo, mwezi wa Machi 1994, katika kesi ya Bwana S. R. Bommai, iliamua kwamba Ibara ya 356 haimpi Rais mkono wa bure, kwamba mahakama zaweza kuipima amri yake, na kwamba wingi wa serikali ya jimbo hupimwa ndani ya baraza. Bwana Namboodiripad alikuwa hai bado, umri wake miaka 84, akiendelea kuandika makala zake magazetini. Alifariki tarehe 19 Machi, 1998.