Muziki wa Bara na Kasumba ya Masikio

Imezagaa miongoni mwetu kauli moja potofu: kwamba pwani kuna muziki, na bara kuna ngoma tu. Kwa kauli hiyo taarabu hupewa historia, watunzi na majina. Nyimbo za Wagogo wa Gulwe, Mpwapwa na Kongwa huitwa burudani ya asili, zikatengewa dakika tano za kumlaki mgeni wa heshima. Twaikataa kauli hiyo.

Wanaoishikilia hupenda kutaja Misri, na hapo hawakosei. Taarabu ya Unguja ilichota mengi kutoka Cairo, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilifuata mtindo wa huko. Humtukuza pia Umm Kulthum, aliyefariki tarehe 3 Februari 1975 na kusindikizwa kaburini na umati mkubwa ajabu. Lakini husahau alikotoka. Alikuwa binti wa imamu wa kijijini katika delta ya Mto Nile. Utotoni aliimba kwenye sherehe za vijiji akiwa amevishwa nguo za kiume, na ulimi wake ulinolewa na usomaji wa Kurani. Wamisri hawakumdharau kwa asili hiyo. Kwa miaka mingi redio yao ilitangaza uimbaji wake Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na watu wakaacha shughuli zao wakamsikiliza. Hata Siti binti Saad wetu alitoka Fumba, akauza vyungu, kabla ya kurekodi santuri Bombay mwaka 1928.

Ikiwa ushamba haukuwaondolea wawili hawa heshima ya usanii, kwa nini umwondolee Mgogo?

Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na zeze na ilimba yake. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996 nyimbo zake zilitolewa Uingereza kwa jina la Chibite. Alifariki mwaka 2003. Wageni waliusikiliza muziki huo kama elimu. Je, ni wanafunzi wangapi wa sekondari nchini wanaoweza kueleza jinsi ilimba inavyopigwa? Ni wangapi wajuao kwamba katika muheme wapigaji ngoma ni wanawake, na kwamba ngoma hiyo ilikuwa sehemu ya mafunzo ya unyago?

Watatujibu kwamba Kigogo hakieleweki na wote. La hasha! Wapenzi wangapi wa Umm Kulthum katika Afrika Mashariki walikijua Kiarabu? Lugha isiyojulikana hufasiriwa. Hiyo ndiyo kazi ya shule.

Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Serikali imekwisha hamia huko, lakini masikio yetu hayajahama. Kwa hiyo, ndugu walimu, mwalikeni mzee mpiga zeze darasani kama mnavyomwalika mtaalamu yeyote, na mlipeni haki yake. Nanyi wanafunzi, andikeni maneno ya nyimbo zake kwa Kigogo na maana yake kwa Kiswahili, na juu ya ukurasa liandikeni jina la mtunzi kila linapojulikana. Wazee hawa hawatatungoja. Kila anayezikwa bila mwanafunzi huenda na elimu ambayo hakuna chuo duniani kitakachoweza kuturudishia.