Taa Nyekundu na Hesabu ya Jioni

Gari linalotoka Jinja kwenda Mbale hupita nchi tambarare kwa muda mrefu: huvuka Iganga, huiacha barabara kuu ya Malaba pale Nakalama, hushika barabara ya Tirinyi katikati ya vinamasi na mashamba ya mpunga, na mwishowe ukuta wa mlima Wanale huanza kuonekana mbele yake. Katika tambarare hiyo gari bovu huweza kusitirika kwa siku nyingi, kwa kuwa injini haielemewi na breki hazikanyagwi mara kwa mara. Nchi inayoanzia Mbale, kwenye mipando ya Wanale yenyewe na kwenye barabara ya Sironko, Sipi na Kapchorwa, haina sitara hiyo, na lolote lililopuuzwa kwenye breki, rejeta na tairi hudaiwa huko kwa mkupuo mmoja. Makala haya yanashikilia kwamba gari hutoa habari ya ubovu wake mapema kuliko watu wanavyodhani, kwamba habari hiyo husomeka hata na mtu asiyejua Kijapani wala Kiingereza, na kwamba inapopuuzwa wa kwanza kuulizwa ni mwenye gari, kabla ya dereva.

Sehemu kubwa ya magari ya Uganda huingia nchini yakiwa yametumika Japani, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yale yenye umri wa miaka 15 au zaidi, jambo ambalo bado linaruhusu gari kuanza maisha yake ya Afrika likiwa limekwisha kutumika kwa miaka kumi na zaidi. Vitabu vya maelekezo vya magari hayo, pale ambapo havikupotea, ni vya Kijapani. Hata hivyo picha ndogo zinazowaka kwenye dashibodi zimekubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango katika kiwango kiitwacho ISO 2575, ili dereva wa Osaka na dereva wa Namutumba wasome alama ile ile. Rangi zake nazo zina daraja: nyekundu humwamuru dereva asimame mara tu anapopata mahali salama, ya manjano humwambia apeleke gari kwa fundi karibuni, na kijani au buluu humjulisha tu kwamba kifaa fulani kinafanya kazi. Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwaka, taa karibu zote za onyo huwaka pamoja kwa sekunde chache kisha huzimika, na huo ndio mtihani wa taa zenyewe. Taa isiyowaka wakati huo inatia shaka kuliko inayowaka, kwa maana wapo wauzaji wanaong'oa balbu ya taa ya injini au kuifunika kwa utepe mweusi ili mnunuzi asiulize swali.

Lipo pia jambo linalowachanganya wengi, nalo ni sauti ya mwanamke wa Kijapani inayosikika kila gari linapowashwa. Mara nyingi sauti hiyo husema kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi za Japani, ambayo haina kazi yoyote Uganda. Onyo hilo linaweza kuachwa bila hasara. Hatari yake ni kwamba dereva aliyezoea kupuuza sauti asiyoielewa kila asubuhi huja akapuuza kwa moyo ule ule taa ambayo angepaswa kuielewa.

Wakazi wa Mbale hawahitaji kufundishwa kusoma dalili. Wanajua kwamba mvua ikikusanyika juu ya Wanale mto Nabuyonga huweza kujaa hata pale ambapo mitaa ya mjini bado ni mikavu, na mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, yaliyoujaza Nabuyonga pamoja na Namatala na kuua watu, yaliwaonyesha gharama ya dalili iliyosomwa kwa kuchelewa. Dalili ya mvua ni mawingu, na macho hayo hayo yanayoutazama mlima yanatosha kuitazama dashibodi.

Katika taa nyekundu, ile inayoeleweka vibaya kuliko zote ni ile yenye umbo la birika dogo lenye tone mdomoni. Wengi huidhani ni taa ya kuonyesha kwamba oili imepungua, wakaahidi kuongeza wakifika. Kwa hakika taa hiyo hupima mgandamizo wa oili, yaani nguvu inayoisukuma oili ipite kwenye vyuma vinavyozunguka, na ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi maana yake ni kwamba vyuma vinasagana vikiwa karibu vikavu. Injini hunoki ndani ya dakika chache, wala haingoji kituo kinachofuata.

Taa ya joto nayo inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu kwenye milima hii ndipo inapowaka sana. Magari madogo mengi ya Toyota, kama Vitz, hayana mshale wa kupima joto. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu inayowaka injini ikipata joto la kupita kiasi, kwa hiyo dereva haoni joto likipanda polepole, huonyeshwa mwisho wake tu. Maji matupu huchemka kwa digrii 100 kwenye usawa wa bahari, lakini Mbale iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa huo na huko maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, na kule Sipi, karibu na mita 1,800, huchemka kwenye digrii 94. Injini ya kawaida hufanya kazi kwenye joto linalokaribia hapo. Kinachookoa ni vitu viwili: kifuniko cha rejeta, ambacho kikiwa kizima hubana mgandamizo hata maji yasichemke yakipita digrii 110, na kipozeo, yaani kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji safi ili kupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Anayejaza rejeta maji ya mtoni kwa dumu huku kifuniko chake kimelegea anaondoa vyote viwili kwa pamoja, kisha anaulaumu mlima. Na gari likishachemsha, kufungua kifuniko hicho kabla halijapoa ni kujimwagia maji ya moto usoni, kwa kuwa maji yaliyokuwa yamebanwa hugeuka mvuke mara tu yanapoachiliwa.

Breki zina hatari ya namna nyingine, kwa sababu taa yake, duara lenye alama ya mshangao, hushirikishwa na breki ya mkono, na madereva huzoea kuiona ikiwaka. Taa hiyo ikibaki baada ya breki ya mkono kuachiliwa, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua kwenye chupa yake, ama kwa kuvuja ama kwa sababu pedi zimelika na pistoni zimesogea mbele kuzifuata. Kumwaga mafuta mapya juu na kuendelea na safari huzima taa bila kuponya chochote. Zaidi ya hayo, mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205, lakini kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi digrii 140 yakishanyonya maji, na ndiyo sababu watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Dereva anayeteremka kutoka Kapchorwa akiwa amekanyaga breki mfululizo hupasha joto pedi na mafuta pamoja. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubanika, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Desturi ya kuweka gia huru kwenye mteremko kwa nia ya kubana petroli huongeza balaa hilo, na haina hata faida inayotafutwa, kwani injini nyingi za sindano za petroli zikiachwa kwenye gia wakati wa kuteremka hukata petroli zenyewe.

Kwenye Hiace za dizeli zinazobeba abiria 14 kuna taa nyingine ambayo haikuwekwa kwa ajili ya ubovu bali kwa ajili ya kalenda. Ni taa yenye maandishi T-BELT, ambayo kwa magari ya soko la Japani huwaka kilomita zikifika 100,000, kumjulisha mwenye gari kwamba taimingi belti, ule mshipi wa mpira unaofanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake, umefika umri wa kubadilishwa. Siku hiyo belti haina kasoro inayoonekana, na gari linakwenda vizuri. Hapo ndipo majaribu yalipo: fundi huweza kuizima taa hiyo bila kubadilisha belti, na belti ikikatika katikati ya safari vali huweza kugongana na pistoni, kisha matengenezo yaliyokuwa ya siku moja yakawa ya injini nzima. Taa ya kuonyesha maji yaliyokusanyika kwenye filta ya dizeli ni ndugu yake, ingawa dawa yake ni rahisi mno, maana kazi kubwa ni kulegeza kizibo kilicho chini ya filta na kuyatoa maji hayo kabla hayajafika kwenye pampu.

Taa ya injini, ile ya manjano, inastahili uadilifu wa mafundi kuliko taa nyingine yoyote. Kompyuta ya gari inapoona kipimo kisicho cha kawaida huhifadhi alama ya herufi moja na tarakimu nne, kwa mfano P0171, ambayo husema kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko petroli. Alama hiyo haitaji kipuri kilichoharibika. Sababu huweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, filta ya petroli iliyoziba au kipimo cha hewa kilichojaa vumbi, na fundi anayebadilisha vipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha humtoza mteja gharama ya kutojua kwake. Mbaya zaidi ni yule anayechomoa waya wa betri kwa muda mfupi, taa ikafutika, kisha akapokea malipo. Taa hiyo ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, ujumbe ni mkali zaidi: kuna plagi isiyochoma, petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi, na kisafisha moshi kilichomo ndani yake kinaungua.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, magari mengi ya Japani hubaki na karatasi ndogo iliyobandikwa na gereji ya huko, yenye tarehe na kilomita za kumwaga oili. Mwaka huweza kuandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, ambapo Heisei 27 ni mwaka 2015, lakini kilomita huandikwa kwa tarakimu ambazo kila mtu anazisoma. Karatasi ikionyesha kilomita 132,000 na dashibodi ikaonyesha 78,000, mnunuzi amekwisha kujua kwamba kipimo kilirudishwa nyuma na kwamba taa ya belti haitawaka kwa wakati wake. Karatasi hiyo ni mabaki ya utaratibu: Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na lisilopita hukosa ruhusa ya barabara. Gari hilo hilo likivuka bahari huacha ukaguzi wake nyuma, na sehemu kubwa ya jukumu huangukia dhamiri ya aliyelinunua.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kwamba taarifa za polisi huziweka ajali nyingi kwenye makosa ya madereva na chache kwenye ubovu wa magari. Hoja hiyo ina ukweli, lakini aliyeona taa nyekundu akaendelea na safari naye amefanya kosa la kibinadamu, na aliyemtuma akijua amelifanya kabla yake. Pingamizi la umaskini lina uzito zaidi. Dereva wa teksi hana gari. Ana hesabu, yaani kiasi cha fedha anachopaswa kumkabidhi mwenye gari kila jioni, na akiliingiza gari gereji siku hiyo hesabu haipunguzwi. Kumtaka mtu huyo asimame taa inapowaka, huku kusimama kukimnyima chakula cha watoto wake, ni kumtwika mzigo ambao mwenye mali ameukwepa. Sheria ya barabarani inayajua magari yanayoendeshwa yakiwa mabovu kwa herufi D.M.C., ambazo polisi huziandika kwa gari lililo katika hali ya hatari kimekanika, lakini adhabu hiyo mara nyingi humkuta aliyeshika usukani.

Roho ya abiria ni amana, na amana haikabidhiwi kwa mtu asiyepewa uwezo wa kuitunza. Kwa hiyo wenye magari wa Jinja na Mbale wanaombwa watenge fedha ya sevisi kutoka kwenye mapato ya kila siku kabla hesabu haijapangwa, waweke ndani ya kila gari daftari linaloonyesha kilomita za oili, belti na mafuta ya breki, na wasimdai dereva hesabu ya siku ambayo gari limelala gereji kwa sababu ya taa nyekundu. Viongozi wa vituo vya Mbale nao waanze na barabara moja: gari linaloelekea Kapchorwa likaguliwe dashibodi ufunguo ukiwa umezungushwa, na lenye taa nyekundu isiyozimika injini ikishawaka, au lisilowasha taa zake kabisa kwenye mtihani huo, lishushe abiria wake pale pale kituoni.